Je, Wajua? Mwanamume Kapima Mimba, Kipimo Kikasema Ndiyo

Sogea kidogo, ndugu yangu, mpishe muuza kahawa. Baraza letu hapa Jang'ombe jana lilianza na mpira likaishia kwenye korodani, na wazee wawili wakavuta kofia usoni wakijidai wamesinzia. Wewe usisinzie. Haya ni maajabu, na mengine unayo mwilini mwako hivi sasa.

Unamkumbuka Sébastien Haller? Tarehe 11 Februari 2024, Abidjan, dakika ya 81, alitia mguu na Ivory Coast ikaifunga Nigeria 2–1 katika fainali ya AFCON. Sasa kishike vizuri hicho kikombe: Julai 2022 huyo huyo aliambiwa ana uvimbe wa saratani kwenye korodani. Operesheni mbili, mizunguko minne ya kemo, halafu bao la ubingwa wa Afrika!

Na bao lake la kwanza baada ya matibabu, akiichezea Borussia Dortmund, alilifunga tarehe 4 Februari 2023. Wajua hiyo ni siku gani? Siku ya Saratani Duniani. Ukiitunga hadithi kama hiyo watu watakwambia umezidisha chumvi.

Hakuwa peke yake. Mwaka huo wa 2022 wachezaji wanne wa Ligi Kuu ya Ujerumani walikutwa na maradhi hayo hayo: Haller, Timo Baumgartl, Marco Richter na Jean-Paul Boëtius. Wanne! Kwa wanaume wa Ulaya wenye miaka 15 hadi 35, katika nchi nyingi hii ndiyo saratani ya uvimbe inayoongoza. Ni maradhi ya vijana, si ya wenye mvi.

Hapo ndipo ubishi ulipowaka. "Wazungu wana saratani, sisi tuna mabusha," kasema mmoja wetu akipanga dhumna. Je, wajua hakukosea sana? Norway na Denmark, katika kila wanaume 100,000, kama 10 huugua kila mwaka. Afrika Mashariki hata mmoja hatimii.

Dunia nzima, mwaka 2020, wagonjwa wapya walikuwa kama 74,000, na waliofariki kama 9,300. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Saratani zenye pengo kubwa namna hiyo ni za kuhesabu!

Hili nalo kali: wanaume wa Denmark waliozaliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliugua kwa uchache kuliko kaka zao waliozaliwa kabla. Vita na mkate wa mgao, na bado wakanufaika! Hapo wataalamu wakaanza kunusa kwamba jambo lenyewe huanzia tumboni mwa mama.

Turudi kwenye busha, maana pwani hii busha ndiyo mwenyeji. Babu yako alikwambia linaletwa na madafu, si ndiyo? Kunywa madafu yako kwa raha zako! Busha letu la asili huletwa na minyoo wembamba kama uzi wa kushonea, wanaoingizwa na mbu, na jike lake hufika sentimita 8 hata 10.

Minyoo hao wana saa. Watoto wao hujitokeza kwenye damu usiku, kuanzia kama saa nne mpaka saa nane, wakati mbu yuko kazini. Ndiyo maana miaka ile wapimaji wa matende na mabusha walikuwa wakigonga milango usiku wa manane. Hawakuwa wanga, walikuwa wanafuata saa ya mnyoo.

Unataka kuwaona wakicheza? Weka ultrasaundi juu ya pumbu lenye minyoo hai, na pale kwenye kioo utawaona wakijinyonganyonga bila kupumzika. Madaktari wenyewe wanaiita ngoma. Msondo ndani ya suruali!

Je, wajua Makunduchi iliwahi kupigana na mbu kwa vichembe vyeupe vya plastiki, vile vya kwenye maboksi ya televisheni? Mwishoni mwa miaka ya 1980 vilimwagwa kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Vikaelea na kufunika juu kama shuka, na viluwiluwi vya mbu vikakosa pa kuvutia pumzi. Dunia nzima ya wataalamu wa mbu ikaisoma Makunduchi. Kisha mwaka 2001 Unguja na Pemba zikaanza kumezeshwa dawa za matende na mabusha, kisiwa kizima kwa kizima.

Haya, chukua tochi, hata ya simu. Ukiiweka gizani nyuma ya busha la maji, pumbu lote huwaka jekundu kama kandili! Uvimbe wa nyama ndani ya korodani hauwaki, unabaki kiza kitupu. Lakini usifungue zahanati barazani kwa simu yako: kuna uvimbe unaojificha katikati ya maji hayo hayo, na ultrasaundi ndiyo inayouumbua, kwa dakika chache, bila sindano wala kisu.

Na je, wajua kwamba mara nyingi uvimbe huo hauumi hata kidogo? Unakaa pale mgumu kama kokwa ya tende, umeshikana na korodani yenyewe, na mwenyewe anaendelea kukimbiza mpira jioni. Kinachoumwa ndicho kinachomkimbiza mtu hospitali. Kisichouma kinasubiri.

Sikia na hili. Daktari haudungi uvimbe huu sindano kupitia pumbu ili achukue kipande, wala halipasui pumbu. Anafungua kinenani, halafu anaivuta korodani juu pamoja na mshipa wake, kama unavyovuta ndoo ya kisimani kwa kamba yake. Ndoo inatoka nzima, haimwagiki tone.

Kwa nini azunguke hivyo? Kwa sababu korodani zako si wenyeji wa huko chini! Zilianza kuumbwa karibu na figo, zikashuka taratibu ukiwa ungali tumboni mwa mama, na mifereji yao ya limfu ikabaki na njia ya nyumbani. Saratani ikitoroka haisimami kwenye mitoki ya kinena. Inapanda moja kwa moja hadi jirani na figo. Basi kijana analalamika mgongo, anakandwa mafuta ya karafuu, kumbe chanzo kiko chini kabisa.

Safari hiyo ya kushuka haiwafikishi wote. Katika watoto wa kiume 100 waliotimiza miezi yao, kama 3 huzaliwa korodani moja au zote hazijafika. Kwa njiti huweza kufika 30. Nyingi hujishukia miezi ya mwanzo. Iliyokwama humwongezea mtoto hatari ya saratani mara kadhaa akikua, ndiyo maana madaktari huishusha akiwa na miezi 6 hadi 18. Na pengine atakayeigundua ni bibi anayemkanda mjukuu, si daktari.

Kwani zinashuka za nini? Joto! Korodani hutaka nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Mwili umejenga baraza nje ya nyumba, upepo upite.

Na kazi inayofanyika kwenye baraza hiyo, skwambii. Karibu mbegu 1,000 mpya kwa kila pigo la moyo! Ndani ya kila korodani, ndogo kuliko yai la kuku, kuna vijifereji ambavyo ukivinyoosha vinakwenda mamia ya mita. Umemaliza sentensi hii, tayari elfu kadhaa zimetengenezwa.

Sasa tuingie kwenye ajabu lenyewe. Zaidi ya 95 kati ya kila uvimbe 100 wa saratani ya korodani huanzia kwenye seli za uzazi, zile zinazozaa mbegu. Na seli hizo ni wasafiri wa mbali! Zinaanzia nje ya mwili wa kijusi, kwenye kifuko cha kiini. Ikifika wiki ya tano au ya sita zinafunga safari kwa miguu yao kwenda zinakotakiwa, na kijusi chenyewe bado hakijafika hata sentimita moja.

Na kama ilivyo kwa msafara wowote, wapo wanaopotea njia. Seli hizo zimekutwa kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, zimekutwa kwenye kitokono, zimekutwa katikati ya ubongo. Basi mtu anaweza kuwa na uvimbe wa ukoo wa korodani kichwani mwake, na korodani zake hazina doa! Hata mwanamke anaweza.

Wajua nyengine hulala miaka mingapi? Mwaka 1972 daktari Mdenmark, Niels Skakkebæk, alieleza seli za ajabu alizozikuta kwa wanaume waliokuja kutibiwa kukosa watoto. Baadaye saratani ikawatokea. Seli hizo hukaa kimya tangu mtu hajazaliwa, hadi balehe inapokuja kuzigongea mlango.

Zikishaamka, karibu zote huwa na alama moja: kipande kifupi cha kromosomu ya 12 kimeongezeka nakala. Ni kama watoto wa ukoo mmoja, utawajua kwa pua.

Seli ya uzazi imepewa ujuzi wa kutengeneza mtu mzima mzima. Ikikengeuka, inatengeneza vipande tu: nywele, gegedu, mafuta, jino lenye mng'ao wake. Uvimbe wa namna hiyo huitwa teratoma, jina lililotolewa kwenye neno la Kigiriki la zimwi. Kwetu hapa ukitolewa uvimbe wenye meno, mtaa mzima utasema kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu, kuna seli iliyoanza kazi kubwa ikaivuruga.

Ajabu hili lina umri. Huko Amarna, Misri, kaburini mwa mwanamke kijana aliyezikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wachimbaji walikuta kwenye nyonga teratoma yenye meno. Nyama zote zimekwenda, meno yamebaki.

Na hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Mwaka 1953, Marekani, Leroy Stevens alikuwa akitumia panya katika utafiti kuhusu sigara. Akamwona panya mmoja pumbu limemvimba, akalifungua: nywele, mfupa, misuli, vimechanganyika kama urojo. Akaziacha sigara, akalifuata pumbu. Njia aliyoifungua ikaja kuwafikisha wengine kwenye seli shina za kijusi, zilizotengwa na Martin Evans na wenzake mwaka 1981, na Evans akapata Nobel mwaka 2007. Shukrani kwa panya mwenye pumbu.

Haya, lile la kichwa cha habari. Baadhi ya uvimbe huu humwaga kwenye damu homoni ya hCG, ile ile ya mama mjamzito. Mwanamume akikojolea kijiti cha duka la dawa, mistari miwili! Mwaka 2012 kijana mmoja Marekani alifanya hivyo kwa mzaha, kikajibu ndiyo, akaenda hospitali na uvimbe ukakutwa. Ila usikimbilie dukani: uvimbe mwingi hautoi homoni hiyo, na kijiti kitakwambia uko salama huku kinakudanganya.

Homoni hiyo ikizidi, mwanamume huweza kuota matiti. Daktari mjanja akiona kifua cha kijana kimejaa bila sababu, anamwambia avue na suruali.

Kabla ya vijiti, wajua kazi ilifanywa na nani? Chura! Chura wa Afrika Kusini alidungwa mkojo wa mwanamke, na kama mimba ipo, hutaga mayai ndani ya siku moja. Walisafirishwa dunia nzima kwa kazi hiyo mpaka miaka ya 1960. Na mkojo wenye homoni ile ukitoka kwa mwanamume? Chura haulizi jinsia, anataga.

Ndugu ya hCG ni AFP, protini ambayo ini la mtoto tumboni huitoa kwa wingi na la mtu mzima karibu huiacha kabisa. Ikionekana imepanda kwa kijana, kuna seli inayojidhania bado iko tumboni. Baada ya operesheni, hCG hupungua nusu kila siku moja na ushei, AFP kila siku 5 hadi 7. Daktari anahesabu kama mwenye duka anavyohesabu deni likilipwa: likikataa kushuka, kuna lililobaki mahali.

Sasa dawa, na hapa niache niseme kidogo zaidi. Mwaka 1844 Mtaliano Michele Peyrone alitengeneza chumvi ya manjano ya madini ya platini. Haikuwa na kazi. Ikakaa kabatini zaidi ya miaka 100!

Halafu mwaka 1965, Michigan, Barnett Rosenberg akawapitishia bakteria umeme kwa vijiti vya platini. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka, wakarefuka, hadi mara 300 ya kimo chao, kama tambi. Akadhani ni umeme. Kumbe platini iliyomomonyoka kwenye vijiti ilikuwa imegeuka kuwa ile chumvi ya Peyrone.

Kitu kinachozuia seli isigawanyike, si ndicho cha kumpa mgonjwa wa saratani? Mwaka 1974, Indiana, daktari Lawrence Einhorn alimpa kijana John Cleland, ambaye saratani yake ya korodani ilikuwa imejaa mapafuni na dawa nyengine zimeshindwa. Akachanganya na dawa mbili. Wiki chache tu, picha ya mapafu ikawa safi. Cleland akaja kuwa mwalimu.

Kabla ya dawa hiyo, iitwayo sisplatini, katika wagonjwa 10 ambao saratani imesambaa, alipona mmoja, au asipone hata huyo. Leo wanapona kama 8. Ikikamatwa ingali korodanini, wanapona 98 au 99 kati ya 100! Sijui namba nyengine ya saratani inayonifurahisha kama hiyo.

Hata ikirudi, mchezo haujaisha. Einhorn na wenzake mwaka 2007 walitoa hesabu ya wagonjwa 184 ambao ilikuwa imerudi. Wakawapa dozi kubwa mno pamoja na kurudishiwa seli shina zao wenyewe. Waliosafika bila kuiona tena katika muda waliofuatiliwa: 116.

Siri ni nini? Saratani nyingi huvunja kengele ya kujiua iliyomo ndani ya seli. Hizi za uzazi kwa kawaida huiacha nzima. Platini ikigusa tu, kengele inalia, seli inajimaliza yenyewe.

Lance Armstrong, mwendesha baiskeli, mwaka 1996 alikuwa na miaka 25 na uvimbe umeshafika tumboni, mapafuni na kwenye ubongo. Akatibiwa Indiana, akapona. Mataji yake saba ya Tour de France alinyang'anywa mwaka 2012 kwa dawa za kuongeza nguvu, na hiyo ni kesi nyengine. Kupona alipona kweli.

Zile dawa mbili alizochanganya Einhorn zilikuwa nini? Moja ni vinblastini, na wewe umeshawahi kuipita njiani! Inatoka kwenye ule mmea wa maua ya waridi au meupe yenye petali tano na kijicho katikati, unaoota hata pembeni mwa ukuta kwenye mchanga mkavu. Kwao ni Madagaska, jirani yetu wa bahari hii hii. Wakanada walipewa majani yake kutoka Jamaika, watu wakiyanywa kama chai ya kisukari. Sukari ya panya haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu, na mwaka 1958 dawa ikapatikana. Dada yake, vinkristini, ndiye aliyetumika Kampala kwa uvimbe wa taya wa watoto.

Nyengine ni bleomisini, aliyoivumbua Mjapani Hamao Umezawa kwenye bakteria wa udongo miaka ya 1960. Dawa hii huweza kuyakera mapafu, hasa yakipewa oksijeni nyingi. Kwa hiyo mtalii akitaka kuzamia Mnemba na mtungi mgongoni, na aliwahi kutibiwa kwayo, mzamishaji makini atamtaka barua ya daktari.

Siku hizi vinblastini imempisha etoposidi, iliyozaliwa na mmea wa Amerika Kaskazini ambao mizizi yake ni sumu. Hesabu basi: ua, udongo, mzizi wa sumu na chumvi ya kabatini. Mganga wa kienyeji angeona wivu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za uvimbe huu kwenye orodha ya dawa za lazima. Kwa sisi wa kisiwani, taasisi kuu ya saratani ni Ocean Road, kule Dar es Salaam, boti kama saa mbili na mwendo mfupi kutoka bandarini. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890, ufukweni kabisa, na wagonjwa wanaweza kuitazama bahari waliyoivuka.

Umeshaanza kuwaza kuhusu ile moja iliyobaki, nakuona. Moja inatosha! Ikiwa nzima, hutoa homoni za kutosha ndevu na sauti, na wengi wamezaa nayo. Kabla ya kemo, palipo na huduma hiyo, mbegu huweza kuhifadhiwa kwenye barafu.

Na la mwisho, kahawa imeshapoa. Ile platini haiondoki upesi: imepimwa kwenye damu ya watu waliopona, miaka 20 baadaye, bado ipo. Bi harusi wa Darajani anatafuta pete ya dhahabu, na kuna bwana harusi anayetembea na platini damuni, sonara hana habari.